Kichaka Kilichokataa Maji ya Pampu

Lori lilikuwa limeshapita Emali, na Mulei bado hajapata namna ya kukaa. Alikuwa nyuma, juu ya magunia matupu ya makaa, miguu ameitanua, na katikati ya miguu kuna debe la mafuta ya kupikia lililojazwa udongo. Ndani ya debe kulikuwa na kichaka kimoja, kimo chake kama cha mtoto anayejifunza kusimama, kimefunikwa blanketi mpaka kikafanana na mgonjwa anayepelekwa hospitali. Lori likiruka shimo, Mulei analikumbatia debe. Upepo ukifunua blanketi, anafunika tena. Walipofika Makindu dereva alishuka kunywa chai, akachungulia nyuma, akauliza kama mgonjwa bado anapumua. Mulei akamjibu kwamba anapumua, ila hapendi kusemeshwa njiani.

Hiyo ilikuwa Agosti ya mwaka wa sabini na tatu. Mulei alikuwa amefanya kazi ya reli miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo pale Sultan Hamud, katika genge la kutembea na nyundo juu ya njia, kukaza misumari na kushindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma vya reli. Sasa reli ilikuwa imemwambia akapumzike. Alikuwa anarudi kwao, upande wa Ikutha, kwa mke wake Mumbua, na kusema kweli alikuwa na hofu kuliko siku aliyoondoka.

Maana Mulei alikuwa mtu wa nusu. Kila mwaka alipewa likizo ya mwezi mmoja, na kila likizo alianzisha jambo pale nyumbani, kisha kabla halijaisha miguu inamwasha. Aliwahi kujenga ghala la nafaka akaliacha bila paa. Alianza kuchimba shimo la kuvuna maji ya mvua, likamfika kiunoni, akasikia kuna watu wanaenda Taveta kwenye mkonge, akasema anawasindikiza kidogo tu. Likizo ikaishia huko Taveta. Miaka miwili hakuja kabisa. Mumbua aliliezeka ghala mwenyewe. Shimo alilimaliza na wanawake wenzake wa mwethya, kile kikundi chao cha kulimiana na kuchimbiana kwa zamu. Binti yao Nzilani akasoma, akawa mwalimu, akaolewa Kitui mjini, na siku ya harusi kiti cha baba kilikaliwa na mjomba. Mumbua hakulalamika popote, si kwa jirani wala kanisani. Aliacha tu kumtia Mulei hesabuni. Ungemuuliza mtu wa pale angekuambia boma hili ni la Mumbua, mumewe yuko reli, kwa sauti ile ile ya kukuambia mwezi uko juu.

Kichaka chenyewe alikipata kwa Waithera, mama mmoja kutoka Nyeri, mke wa Irungu karani wa stesheni. Waithera alikuwa nacho kikubwa kando ya baraza, upande usiofikiwa na jua la mchana. Kilichanua zambarau, kesho yake ua lile lile limepauka, siku ya tatu ni jeupe kabisa. Na kwa kuwa maua hayafunguki yote siku moja, unaona rangi tatu kwenye tawi moja. Jioni harufu yake ilitembea mpaka kwenye nyumba za genge, ikawakuta wanaume wananuka grisi na jasho. Jina la kichaka Waithera hakulijua, alikikuta pale. Mulei akaomba tawi, akalichomeka kwenye debe chini ya tangi la reli lililokuwa linavuja, na miaka miwili tawi likawa kichaka, ingawa hakikuwahi kutoa hata ua moja. Siku ya kuagana Waithera alimpa masharti kama mtu anayekabidhi mtoto: jua la asubuhi linakitosha, la mchana linakiunguza, kisikauke na kisizame, na kikizaa mbegu, mbwa asiziguse, maana mbwa wake mwenyewe alizitafuna akafa kabla ya jua kuzama.

Kwa nini akibebe mwendo wote huo? Dereva alimuuliza. Mulei alikuwa amechoka tu kufika kwa Mumbua mikono mitupu na maneno mengi.

Lori lilimshusha karibu na soko la Ikutha, akabeba debe begani saa nzima. Mumbua alikuwa uani anapepeta kunde. Aliinua macho, akasema umefika, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Ndipo akasogea akalizunguka debe.

"Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wasilikaribie kabisa."

"Sasa hili linafanya nini, Baba Nzilani?"

"Linachanua."

Mumbua alimtazama kama mtu anayetaka kumgusa mwenzake paji la uso aone kama ana homa. Kisha akamuuliza, bila ukali wowote, safari hii atakaa mpaka lini. Mulei akasema amekuja kukaa.

"Hilo nimelisikia tangu mwaka wa Uhuru," akasema Mumbua. "Kaa. Chakula kipo. Lakini hiki nacho usiniachie mimi nikimalizie."

Kitanda chake aliwekewa katika kibanda alichokuwa akilala Nzilani, pamoja na magunia ya mbaazi. Chakula aliletewa kwa wakati, moto na kingi. Wala hakutukanwa. Aliishi kama mgeni anayeheshimiwa, na kila aliyewahi kuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe anajua ile heshima inavyouma. Mulei akajiambia: kichaka hiki nitakifikisha kwenye maua. Kiwe kitu changu cha kwanza nilichokimaliza mbele ya macho ya huyu mama. Akishaona hivyo, atajua nimerudi.

Kwanza alikipanda chini ya mti wa mukau uliokuwa mbele ya boma, akaridhika na kivuli. Mwezi haukuisha mukau ukapukutisha majani kama ilivyo kawaida yake kiangazi, na jua la Ikutha likashuka juu ya kichaka bila kizuizi. Akakihamisha. Palikuwa na mahali pamoja tu pazuri: ukutani kwa nyumba ya Mumbua, upande wa macheo, hatua tatu kutoka mlangoni, pale ambapo jua linaondoka saa tano. Ilibidi aombe. Mumbua akasema panda, bora usinizibie mlango.

Akakizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Kisha akafanya lile ambalo kila mtu wa Ikutha angelifanya. Pale mchwa hula kila kitu, hula mguu wa kitanda ukiwa umekilalia, na dawa ya mchwa ni majivu. Mulei alizoa majivu ya jikoni akayazungushia shina, mkono mzima unene wake. Juu yake akatia samadi ya mbuzi. Na maji akachota kwa pampu ya sokoni, ambayo inavuta kutoka chini sana na haikauki. Maji yale yana chumvichumvi. Ng'ombe wanayapenda, watu wamezoea. Kila jioni debe moja la pampu.

Kichaka kikaanza kugeuka rangi. Si njano ya kuzeeka; jani lilipauka lote likabaki na mishipa ya kijani tu, kama mkono wa mtu aliyekonda. Mulei akaona kina njaa, akaongeza samadi. Akaona mchwa wanakisumbua, akaongeza majivu. Akaona kina kiu, akaongeza maji. Kadiri alivyokihudumia ndivyo kilivyozidi kupauka. Kiema, jirani yake ambaye walitahiriwa mwaka mmoja, alikuwa akipita kila asubuhi kumuulizia hali, kwa sauti ya chini kama mtu aliye wodini, na siku moja alikuja amevua kofia kabisa. Mulei akamwambia siku ya mazishi atamwalika, aje na sukari.

Lakini moyoni hakuwa anacheka. Januari ilipofika, majani yalikuwa yamebaki machache, akaamua: atakwenda Sultan Hamud kumuuliza Waithera. Siku tatu tu, kwenda na kurudi. Akavaa viatu, akafunga kifurushi, akamkuta Mumbua amekaa kizingitini anachambua mbaazi. Akamweleza safari yake vizuri, na sababu zake.

Mumbua hakuinua kichwa. "Ukienda hurudi."

"Siku tatu, Mama Nzilani. Nakwenda kuuliza njia tu."

"Wewe ukiuliza njia unaifuata. Nakujua." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye mbaazi. "Na unakwenda mbali kuulizia kitu kilicho hapa. Hivi hujajiuliza kwa nini mimi natembea mpaka mtoni kuchota maji ya kupikia, na pampu iko sokoni karibu hivyo?"

Mulei hakuwahi kujiuliza. Chakula kilikuja kimeiva, yeye alikula.

"Mbaazi hizi nikizipika kwa maji ya pampu, nachochea kuni tangu asubuhi na jioni bado zinagonga meno. Zinayakataa. Maji ya mchangani, kabla ya saa saba zimelainika. Sasa kama mbaazi, ambayo ni kitu kigumu cha hapa hapa, inakataa, hako ka mti kako ka barazani kwa watu katakubali?" Kisha akaongeza, safari hii polepole. "Na majivu. Kabla ya majivu kalikuwa na majani sitini na mawili, yote kijani. Wiki mbili baadaye ndipo yakaanza kubadilika. Ukaongeza."

Mulei alisimama na kifurushi chake. Hakushikwa na yale ya maji wala ya majivu. Alishikwa na hilo la sitini na mawili. Huyu mama alikuwa amehesabu.

Akavua viatu.

Siku ile ile walikwangua majivu yote na udongo uliopauka, wawili wao wamepiga magoti, na Mumbua akamwelekeza bondeni chini ya mikwaju, ambako majani ya miaka mingi yameoza yakawa meusi na laini. Mulei akaleta magunia mawili ya udongo huo. Akaacha kupambana na mchwa kwa majivu. Kila asubuhi alikagua shina kwa vidole, akivunja vijia vyao vya udongo kimoja kimoja, na kichuguu chao alikichimba siku nne mpaka akamtoa malkia.

Yalibaki maji. Mto ulikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja, na si mto wa kuona maji: ni mchanga mtupu, unachimba shimo, unangoja, maji yanajikusanya chini taratibu, matamu, unayachota kwa kibuyu. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume mwenye punda angeweza kwenda na punda wake asisemwe, lakini Mulei hakuwa na punda. Alimwomba Mumbua mukwa, ule mshipi wa ngozi unaopitishwa kwenye paji la uso ili mzigo ukae mgongoni. Mumbua akampa, akamfunga mwenyewe, akampa na sharti: debe la kwanza ni la nyumba, la pili ndipo likagawiwe kichaka.

Siku ya kwanza Kiema alikuwa njiani na wazee wawili. Walimwona anakuja ameinama, mshipi kichwani, maji yanadondoka mgongoni. Wakampisha njia kwa adabu zote.

"Munyanya wangu," akasema Kiema, "hebu tuambie sisi rafiki zako. Hawa waliokuoa walitoa mbuzi wangapi?"

"Walinichukua bure, Kiema," akajibu Mulei bila kusimama. "Wewe hata bure wamekukataa."

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kiema alilibeba jibu lile mwenyewe akalitembeza soko zima, na baada ya wiki chache hakuna aliyemcheka tena Mulei, au walicheka kwa mazoea tu. Wanawake pale mtoni walimwita Mama Mulei, wakamfundisha kuchimba shimo upande wa ndani wa kona, ambako mchanga hushika maji zaidi. Kufikia Mei majani mapya yalitoka, ya kijani kibichi yanayong'aa, na Mumbua alionekana mara moja akiyafuta vumbi kwa pembe ya leso. Aliposikia hatua akageuka akaanza kufagia.

Halafu mvua ikakataa. Ile ya Novemba ilinyunyiza siku mbili ikaenda zake, na ya Machi haikuonekana kabisa. Mwaka wa sabini na tano mashimo ya mtoni yalifika kimo cha watu wawili. Mulei alishuka chini kwa ngazi ya matawi, akachota kibuyu kwa kibuyu, akawapitishia walio juu. Debe moja lilichukua nusu asubuhi. Ng'ombe wakafa. Mumbua alibaki na mbuzi watano na mtamba mmoja wa ng'ombe, na huyo mtamba alikuwa haamki mpaka ashikwe mkia.

Jioni moja Mulei alikaa karibu na kichaka muda mrefu. Kilikuwa na vitumba. Alivihesabu, kumi na kimoja, vidogo kama punje za mtama. Wiki mbili nyingine za maji, na angekuwa amemaliza. Aliamka akaubeba mtungi mdogo wa kichaka, ule uliokuwa ukipata kibaba chake kila siku, akaumimina kwenye beseni la mtamba.

Akamwambia Mumbua kwamba kichaka hakitapata maji tena.

"Hata kikombe?"

"Hata kikombe. Yote ni ya nyumba."

Vitumba vilidondoka siku ya nne. Majani yakafuata, na mwishoni mwa Agosti kilikuwa fimbo tupu zimesimama ndani ya miiba. Mulei hakukitazama alipopita. Alijua vizuri alichokipoteza: miaka miwili ya kumwonyesha mke wake kwamba amerudi, na sasa hakuna cha kuonyesha. Kiema alipita akakiona, akataka kusema jambo, akaacha, akamsalimu tu.

Asubuhi iliyofuata Mulei alichukua mukwa akaenda mtoni. Na iliyofuata. Septemba nzima alikwenda, kabla ya jua, akarudi jua limepanda, akatua debe jikoni, akainyoosha shingo yake, akaenda kumwinua mtamba. Hakuna mtu aliyemwambia aende, wala sasa hakuwa na lake kule mtoni. Mapema Oktoba, alipokuwa anatua debe, Mumbua alimshikia upande mmoja lisimwagike, na hakuliachia.

"Kichaka kimekufa," akasema, "na bado unaenda."

"Maji ni ya nyumba."

"Najua ni ya nyumba." Alikuwa anatazama paji la uso la mumewe, pale mshipi ulipokuwa umechora mfereji, kama ule ambao yeye mwenyewe alikuwa nao tangu usichana. Akaugusa kwa kidole gumba, akaufuata toka upande mmoja hadi wa pili. "Kile kibanda kina baridi asubuhi," akasema. "Kitanda chako kilete huku."

Mulei alikileta kabla ya chai. Kilikataa kupita mlangoni, ikabidi wakilaze ubavu, yeye akivuta na Mumbua akisukuma, wakikosoana kama watu walioishi pamoja.

Mvua ilikuja Novemba, kwa nguvu. Siku ya tisa Mumbua alitoka kukinga maji akarudi ndani, akamwamsha Mulei kwa kumvuta kidole cha mguu. Zile fimbo zilikuwa hai. Hazikuwa na jani hata moja, ila zilikuwa zimechanua, kutoka chini hadi juu, zambarau tupu. Kesho yake nusu ya maua yalipauka, na siku ya tatu rangi zote zilikuwepo. Baadaye watu walieleza kwamba kichaka kile hupenda kukaushwa kwanza ndipo kimwagiwe maji, nayo hiyo Waithera hakuisema, pengine kwa sababu stesheni hakukuwahi kukauka. Mumbua alileta kigoda akakaa mbele yake. Shamba lilikuwa linangoja mbegu na kila mtu alikuwa anapanda. Alikaa mpaka jua likaondoka ukutani, mikono juu ya magoti, na Mulei alikwenda kupanda mbaazi peke yake asimsumbue.

Mulei aliishi pale miaka kumi na mitatu zaidi. Aliondoka mara mbili, zote kwenda Kitui kutibiwa macho, na mara zote mbili alirudi siku aliyosema. Alikufa Aprili ya mwaka wa themanini na tisa, kwa homa ya mapafu. Mumbua alimfuata mwaka wa tisini na saba. Mtamba alipona akazaa mara tano. Kiema aliuza shamba akahamia Kibwezi kwa mwanawe, akaanguka bafuni huko akavunjika nyonga, na hakutembea tena. Waithera na Irungu walihamishiwa Voi, kisha wakastaafu Nyeri. Barua moja ilikuja, ikajibiwa, basi. Kichaka kilikatwa mwaka wa tisini na nane kupisha tangi la maji ya paa. Akina mama wa kanisa walichukua matawi. Mengi yalikufa, mawili yalishika. Nzilani alistaafu ualimu, anaishi Kitui mjini, na boma amelikodisha.